Eti Austin imeongeza watu kuliko New York?

Jamani hii naiona kila siku, mtu anakwambia Austin (mji wa Texas, Marekani) ndo imeongeza watu kibao na New York imedumaa, kisa asilimia. Angalia sensa za Marekani za 2010 na 2020: Austin na vitongoji vyake ilikua 33%, New York na vitongoji vyake (hadi vile vya New Jersey) 6.6% tu. Sasa hesabu vichwa. Austin ilitoka milioni 1.7 ikafika kama milioni 2.3, yaani hata laki 6 hazikutimia, wakati New York ilitoka milioni 18.9 hadi 20.1, hapo ni zaidi ya milioni 1.2, mara mbili kabisa! Ukianza na wachache asilimia inapaa haraka. Dallas na vitongoji vyake, nayo ya Texas, ndo ilitisha kotekote, 20% na watu karibu milioni 1.3.