Je, wajua kwa nini sanamu za Socrates hazimpendezeshi?

Mkute Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwenye rafu ya mpenzi wa vitu vya kale, awe wa shaba, wa marumaru au wa jasi, utamtambua kabla hujasoma jina lake: upara, pua bapa, macho yaliyotokeza, midevu, na akichongwa mwili mzima, kitambi. Wachongaji wa Ugiriki walikuwa mafundi wa kumpa mtu umbo zuri. Huyu mbona walimwacha hivyo?

Jibu la haraka ni kwamba ndivyo alivyokuwa, na wala hakuona haya. Xenophon, mfuasi wake, anamsimulia karamuni akishindana kwa uzuri na kijana Critobulus. Macho yangu yanakushinda, alidai Socrates, maana yanaona hadi pembeni; na matundu ya pua yangu yametazama juu, hunasa harufu za kila upande. Kura zikapigwa. Zote zikaenda kwa kijana.

Lakini kuna zaidi ya kufanana. Athens ya wakati ule ilizoea kuona uzuri wa mwili na wema wa mtu kama vitu viandamanavyo. Katika maandishi ya Plato, mfuasi mwingine wa Socrates, Alcibiades, kijana wa ukoo mkubwa na mrembo kupindukia, anamfananisha mwalimu wake na visanamu vya Silenus vilivyouzwa kwa wachongaji. Silenus ni yule mzee mlevi wa hadithi za Wagiriki, mwenye pua bapa, mwandani wa mungu wa mvinyo. Visanamu hivyo vilishika filimbi mkononi na vilifunguka katikati. Ndani mlikuwa na sanamu za miungu: nje ubaya, ndani uzuri. Ukimsafisha sura Socrates, hoja hiyo nzima inakufa.

Socrates alihukumiwa kifo akanyweshwa sumu mwaka 399 KK. Yeye mwenyewe hakuacha maandishi, na sanamu zake tulizo nazo zote zimechongwa baada ya kifo chake. Wataalamu huzigawa katika mikondo miwili: wa kwanza unamkaribia sana Silenus, wa pili, unaohusishwa na mchongaji Lysippos, ni wa heshima zaidi, ingawa pua ni ileile. Sanamu za asili zimepotea, zimebaki nakala, na nakala za nakala. British Museum, jumba la makumbusho la London, inacho kisanamu kimoja cha marumaru, kimo sentimita 27.5, kinachosemekana kimetoka Alexandria: mzee amesimama amejitanda shuka, kitambi wazi.

Karne nyingi baadaye, mfinyanzi Josiah Wedgwood wa Uingereza aliingiza Socrates na wanafalsafa wenzake kwenye maktaba za matajiri kwa udongo wake mweusi aliouanza miaka ya 1760. Vichwa hivyo vilifinyangwa kwa kalibu zilizotokana na nakala za jasi, ndiyo maana sura haikubadilika.

Ukitaka kununua, pindua kitu uone chini. Wedgwood halisi aghalabu ina jina lililogongwa kwenye udongo wenyewe. Likiandamana na neno ENGLAND, kwa kawaida ni cha 1891 au baadaye, kwani sheria ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka. Na wale wa jasi waliopakwa rangi ya shaba hujiumbua kwenye ncha ya pua, inapobanduka na kuonyesha weupe.