Kerneli Imeanguka, Nawe Unaniletea Mstari wa Mwisho

"Ilipofia ndipo penye kosa." Dhana hii kuhusu kerneli, kiini cha mfumo endeshi, inanichosha kuliko zote. Mtu anapiga picha ya skrini kwa simu, mistari mitatu ya chini, wa mwisho ukiwa "Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init!", halafu anauliza tatizo ni nini. Mstari huo unasema tu kwamba mchakato namba 1 (init, programu ya kwanza kuanzishwa) umekufa na Linux haiwezi kuendelea bila huo. Kilichouua kimeandikwa juu zaidi, na ndicho ulichokiacha nje ya picha. Lete logi nzima. Soma oops ya kwanza, yaani ripoti ya kosa ambayo kerneli huiandika kwenye logi. Zinazofuata mara nyingi ni matokeo yake tu.

Hata ukiipata hiyo ya kwanza, usikimbilie kuhariri mstari uliotajwa. Tuseme imeandikwa "NULL pointer dereference, address: 0000000000000018". Mbona si sifuri? Kwa sababu pointa (anwani ya kumbukumbu) ya strakti, kifurushi cha data chenye fildi kadhaa, ndiyo iliyokuwa tupu, na kodi ikaenda kugusa fildi iliyo baiti 24 (ndiyo 18 kwa heksadesimali) kutoka mwanzo wake. Fungua strakti, hesabu, utaijua fildi. Kisha tafuta nani alipaswa kuijaza pointa hiyo. Mara nyingi ni fanksheni ya kuanzishia draiva iliyorudisha kosa nawe hukulikagua. Ukibandika "if" pale ilipofia ili isife, umemnyamazisha shahidi.

Rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) ikijaa 6b6b6b6b6b6b6b6b, hiyo si anwani. Ukaguzi wa slab (kigawa kumbukumbu cha kerneli) ukiwa umewashwa, kumbukumbu iliyoachiliwa hujazwa 0x6b, kwa hiyo unatumia kitu ulichokwisha kukirudisha. Washa KASAN, kikaguzi cha matumizi mabaya ya kumbukumbu, jenga kerneli upya. Itakuonyesha kitu hicho kiliguswa wapi, kiliombwa wapi na kiliachiliwa wapi, na mkosaji huwa mara nyingi kwenye orodha hiyo ya tatu, katika faili ambayo hukuwa hata na wazo la kuifungua. KASAN imo ndani ya Linux tangu toleo 4.0 la 2015. Sioni udhuru.

"Nimeongeza printk, hitilafu imeisha." Haijaisha. printk, fanksheni ya kuandika ujumbe kwenye logi, inachelewesha kodi, na nyuzi mbili (mitiririko ya kodi inayoendeshwa sambamba) zilizokuwa zikigombea data moja zimepishana kwa bahati tu. Washa lockdep (hukagua matumizi ya kufuli) na KCSAN (hunasa ugombeaji wa data) kabla ya kusherehekea.

"Najua C, inatosha." Nusu. Huku hakuna libc, maktaba ya kawaida ya C, na steki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni) ya kerneli ya Linux kwenye x86-64 ni KB 16 tu, kwa hiyo safu ya KB 20 ndani ya fanksheni ni kujitafutia balaa. Ukiwa umeshika spinlock (kufuli ambalo ukilishika hupaswi kulala), kmalloc, fanksheni ya kuomba kumbukumbu, yenye GFP_KERNEL inaweza kulala. Tumia GFP_ATOMIC, isiyolala, au bora zaidi, omba kumbukumbu kabla ya kufunga kufuli.

"Lazima kila kitu kiwe asembli." Hapana. Linux karibu yote ni C, na tangu toleo 6.1 la 2022 lugha ya Rust nayo imekaribishwa.

Kwa mnaojenga kerneli yenu wenyewe: "mashine inajiwasha upya, basi QEMU ni mbovu." QEMU, programu inayoiga kompyuta, haina kosa; hiyo ni triple fault, kosa la tatu mfululizo ambalo prosesa imeshindwa kulishughulikia. Iendeshe kwa -no-reboot -d int uone kilichotangulia. Ikitokea v=08 (interrupt namba 8) mara tu baada ya sti, amri ya kuruhusu interrupt, hukuipanga upya PIC, chipu inayopokea interrupt za vifaa: interrupt ya saa inaingia kwa namba 8, ile ile ya double fault, kosa lililotokea wakati wa kushughulikia kosa lingine. Ihamishie 0x20.