Fangasi rafiki wa mizizi na lishe ya nyanya: maana yake nini

Mkulima wa nyanya akisikia neno fangasi, huwaza bakajani, mnyauko na bei ya dawa. Ana haki, maana magonjwa hayo yamefilisi wengi. Lakini udongoni wapo fangasi ambao mnyanya wenyewe huwaita kwenye mizizi yake, na tunda lake huwa bora kwa sababu yao.

Fangasi rafiki ni jina la jumla kwa aina zote zinazoufaa mmea bila kuudhuru. Wanaogusa zaidi lishe ya tunda ni wale wa mikoriza, yaani ushirika kati ya fangasi na mizizi iliyo hai. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, ndiye aliyeupa ushirika huo jina hilo mwaka 1885. Wenyewe ni mkongwe kupita kiasi: mimea iliyogeuka mawe huko Rhynie, Uskoti, yapata miaka milioni 400 iliyopita, ina fangasi wa namna hiyo ndani yake. Leo mimea mingi ya nchi kavu inaishi nao, mahindi, maharage, vitunguu na nyanya ikiwemo.

Kinachofanyika ni hiki. Fosforasi husogea kidogo sana udongoni. Mzizi hunyonya iliyo karibu nao, milimita chache tu, kisha hubaki na njaa ilhali fosforasi nyingine imekaa pembeni. Zinki nayo ina tabia hiyohiyo. Fangasi wa mikoriza huingia ndani ya seli za mzizi na kutawanyika humo kama matawi madogo ya mti, huku nyuzi zake nyingine zikitambaa sentimita kadhaa nje ya mzizi. Nyuzi hizo ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, kwa hiyo hupenya matundu ya udongo ambayo mzizi hauwezi kuyaingia. Huleta fosforasi, zinki na madini mengine, na mmea hulipa kwa sukari na mafuta uliyotengeneza kwa mwanga wa jua. Malipo hayo si madogo: hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 4 na 20 ya chakula chote ambacho majani yametengeneza.

Mmea hauingii gharama hiyo ovyo. Ukikosa fosforasi, mizizi hutoa kemikali zinazowaamsha fangasi walio jirani; watafiti wa Japani walizitambua kemikali hizo mwaka 2005. Jambo la kusikitisha ni kwamba kiduha, gugu linalonyonya mahindi, limejifunza kuitambua ishara hiyohiyo na huota kwa kuifuata.

Sasa tuje kwenye tunda. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, uliotolewa mwaka 2012, ulilinganisha nyanya zilizopewa fangasi hawa na nyanya zisizopewa. Matunda ya zilizopewa yalikuwa na zinki zaidi kwa asilimia 28 hivi, na laikopini zaidi kwa asilimia 18 hivi. Laikopini ndiyo rangi nyekundu ya nyanya, na ni kinga dhidi ya uharibifu wa seli. Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe, kwa sababu laikopini haitoki udongoni. Mmea huitengeneza wenyewe. Maana yake fangasi hafanyi kazi ya uchukuzi tu; kuwepo kwake mzizini hubadili kemia ya mmea mzima hadi kwenye tunda. Watafiti hao walipima pia usalama wa matunda na hawakuona dalili ya madhara kwa chembe za urithi.

Huko California ilitumika njia nyingine. Katika shamba la kilimo hai ilipandwa minyanya ya aina mbili zinazofanana, ila moja ina badiliko la kijeni linaloizuia kushirikiana na fangasi. Iliyoshirikiana ilikusanya fosforasi na zinki nyingi zaidi, katika udongo uleule.

Hata hivyo tupime kwa haki. Gramu 100 za nyanya mbichi zina zinki ya miligramu 0.2 hivi, na mtu mzima anahitaji 8 hadi 11 kwa siku. Ongeza asilimia 28 juu ya kidogo hicho, bado ni kidogo. Zinki ya familia itafuteni kwenye maharage, dagaa na nyama. Kwa laikopini hesabu ni tofauti, kwa kuwa kwenye sahani zetu nyanya ndiyo chanzo chake kikubwa, tena huliwa karibu kila siku. Ikipikwa na mafuta kidogo mwili huipata vizuri zaidi kuliko kwenye kachumbari. Na fangasi hawa hawaumbi madini: udongo usio na zinki hautatoa zinki.

Pale ambapo madini yapo lakini yamefungwa, ndipo wanapofaa hasa. Udongo mwekundu wenye tindikali, ulioenea sehemu nyingi za nyanda zetu za juu, hushika fosforasi kwa chuma na aluminiamu. Wengi hukabili tatizo hilo kwa kumwaga mbolea ya dukani ya DAP, yenye asilimia 46 ya fosfeti. Mnyanya ukishiba fosforasi ya haraka namna hiyo huacha kuwaita fangasi. Mbolea inayoyeyuka polepole, kama ile ya mawe ya fosfeti ya Minjingu, Tanzania, pamoja na samadi iliyooza, haiuvunji ushirika huo kwa kiasi hicho. Kulima kwa kina mara kwa mara hukata nyuzi, na baadhi ya dawa za ukungu zinazomwagwa udongoni huwaua. Kabichi na sukuma wiki haziwapokei, hivyo nyanya baada ya kabichi huwakuta wamepungua. Baada ya mahindi au vitunguu huwakuta wengi.

Wanaonunua fangasi waliofungashwa wajue tofauti moja. Trikoderma, fangasi rafiki wa aina nyingine, hukuzwa kwenye punje za nafaka, na kazi yake kubwa ni kupambana na fangasi wabaya wa udongoni kama fusari. Wa mikoriza hawaishi bila mzizi hai, kwa hiyo huuzwa wakiwa mbegu zao na vipande vya mizizi ndani ya mchanga au unga. Hawapulizwi majani. Huchanganywa na udongo wa kitalu, au huwekwa shimoni wakati wa kupandikiza ili waguse mizizi, na pakiti iliyoachwa juani au iliyopita muda wake huenda haina kilicho hai ndani yake.