Toksini ni nini, na ina tofauti gani na sumu?

Nge akikuchoma, kinachoingia mwilini si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa maji, chumvi, vimeng'enya na makumi, pengine mamia, ya protini ndogondogo. Mchanganyiko huo mzima ndio sumu. Toksini ni molekuli moja tu kati ya hizo zinazodhuru, ikitazamwa peke yake. Katika mazungumzo ya kila siku hatuna haja ya kutofautisha: sumu ya panya, sumu ya nge, sumukuvu ya mahindi, zote ni sumu. Mtafiti hana budi kutofautisha, maana toksini mbili za nge yuleyule huweza kushambulia viumbe tofauti kabisa. Nge Androctonus australis wa Afrika Kaskazini ana toksini zinazoua mamalia, na anayo nyingine, AaIT, inayopooza wadudu ilhali panya haimdhuru.

Toksini nyingi hulenga neva. Ujumbe wa neva husafiri kama umeme, nao umeme huo hutokana na ayoni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) za sodiamu kuingia kwenye seli, kisha za potasiamu kutoka. Hupitia vijilango vya protini, viitwavyo chaneli za ayoni, ambavyo hufunguka na kufunga upesi kuliko kupepesa jicho. Baadhi ya toksini za nge huishikilia chaneli ya sodiamu isifunge. Neva hapo haitulii tena: maumivu makali, jasho, mate kumtoka mtu, moyo kwenda mbio. Mtoto mdogo anaweza kufa, ndiyo maana aliyechomwa na nge hatari apelekwe hospitali mapema.

Nyingine huziba. Karibdotoksini, ya nge wa jangwani aitwaye Leiurus quinquestriatus, ina asidi amino (vijenzi vya protini) 37 tu, nayo hukaa kwenye mdomo wa chaneli ya potasiamu kama kizibo kwenye chupa. Roderick MacKinnon, mwanasayansi wa Marekani, aliitumia wakati ambapo hakuna aliyekuwa ameona umbo la chaneli hiyo. Alibadilisha sehemu moja moja ya chaneli na kupima kama kizibo bado kinashika, mfano wa mtu anayepapasa kitasa gizani. Kwa njia hiyo aliujua mdomo uko wapi, na mwaka 1991 alionyesha kwamba chaneli imejengwa kwa vipande vinne. Mwaka 1998 maabara yake ikatoa picha ya umbo lenyewe, na mwaka 2003 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwangu mimi, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo toksini zimetupa, ingawa habari za dawa ndizo zinazosikika zaidi.

Habari hizo nazo ni za kweli. Klorotoksini, ya nge huyohuyo, hunasa kwenye seli za uvimbe wa ubongo, na watafiti wameiunganisha na rangi inayong'aa ili daktari wa upasuaji aone saratani inapoishia. Kwa upande wa buibui, kundi la Glenn King katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, lilichapisha mwaka 2017 utafiti wa Hi1a, toksini ya buibui Hadronyche infensa. Mtu akipatwa na kiharusi, sehemu ya ubongo hukosa oksijeni, asidi huongezeka, na chaneli zinazohisi asidi hufunguka na kuziangamiza seli. Hi1a huzizuia. Panya waliopewa dozi moja, hata saa nane baada ya kiharusi, ubongo wao haukuharibika sana kama wa wenzao. Ni panya lakini, na kutoka panya hadi mgonjwa wodini safari ni ndefu.

Ili kupata toksini hizi, nge na buibui hukamuliwa sumu, mara nyingi kwa kuguswa na umeme mdogo, na kinachopatikana ni tone dogo mno. Kwa hiyo siku hizi maabara nyingi husoma jeni za tezi ya sumu, kisha huipandikiza jeni ya toksini moja kwenye bakteria, nao ndio wanaoitengeneza.