Mtoto anaposoma "mili" mahali palipoandikwa "meli"

Mwalimu akiniletea mtoto wa gredi ya tatu au ya nne akaniambia "huyu hajui kusoma", sifungui kitabu cha darasa. Kitabu cha darasa mtoto huenda amekwisha kukihifadhi ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzake. Nachukua karatasi, naandika maneno yasiyokuwapo: nefi, domi, ngule, shebo. Hapo hapana picha ya kuchungulia wala hadithi ya kubahatisha. Anachokitamka ndicho anachokisoma.

Kosa ninalokutana nalo zaidi hapa Mombasa liko kwenye sauti za herufi, hasa irabu. "Meli" inakuwa "mili", "gari" inakuwa "jari", na wengine hukwama kabisa kwenye "i". Sababu haiko mbali. Tangu nasari mtoto ameimbishwa majina ya herufi za Kiingereza, ambako E inaitwa "ii", I inaitwa "ai" na G inaitwa "ji". Anapofika kwenye Kiswahili anafuata kwa uaminifu alichofundishwa, nasi tunamwita mzito. Mtoto huyu hana uzito wowote. Ana majina ya herufi, hana sauti zake.

Kwa hiyo narudi kwenye irabu tano, kwa sauti tu, hadi azitambue popote zilipo. Ndipo naingiza konsonanti moja moja: ma, la, ta, ka. Tahadhari moja hapa, maana ndipo madarasa mengi yanapopoteza muda: "ba be bi bo bu" ikisomwa kwa mpangilio huo kila siku inageuka wimbo. Darasa zima litaiimba vizuri mno, mkaguzi atapiga makofi, na nusu yao watakuwa wanatazama dirishani. Changanya. Andika bo, be, bu, kisha weka "di" katikati. Anayesoma atasimama kidogo; anayeimba atapitiliza.

Watoto wengi wa Mvita, Kisauni na Likoni wana mtaji ambao shule huusahau: chuo cha Kurani. Aliyepitia kwa maalim anajua tayari kwamba herufi ikipata irabu inatoa sauti, kwamba ba yenye fatha ni "ba", yenye kasra ni "bi", yenye dhumma ni "bu". Kazi ni ile ile. Namwambia hivyo wazi, na mara nyingi uso unabadilika, kwa sababu chuoni yeye si wa mwisho. Tofauti ni kwamba irabu fupi za Kiarabu ni tatu, basi "e" na "o" ndizo za kutilia mkazo. Kuanza kusoma kutoka kulia kusikutishe. Ukimwekea kidole upande wa kushoto kwa siku chache huisha.

Na tafadhali, lahaja isihesabiwe kosa. Mtoto wa Mji wa Kale akiona "njia" akatamka "ndia", au "macho" akasema "mato", amesoma. Ameliona neno, amelielewa, akalitoa kwa Kimvita cha kwao. Sauti ya "nj" na "ch" utamfundisha, lakini usimrudishe kwenye silabi za mwanzo kwa sababu hiyo.

Silabi zikishakaa, tatizo linalofuata ni urefu. Maneno yetu hubeba sentensi nzima: "hawakutununulia". Mtoto anaanza ha-wa-ku, akifika "nunu" ameshasahau kama ni wao au ni sisi. Ndiyo maana viwango vya kasi vilivyowekwa Kenya kwa msomaji fasaha wa madarasa ya chini ni maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Neno moja letu lina kazi kubwa zaidi. Dawa yake ni kulijenga neno kutoka kwenye kiini: nunua, nunulia, tununulia, hawakutununulia. Kila hatua aisome nzima, asirudi kuhesabu silabi. Baada ya hapo hadithi fupi ile ile isomwe mara kadhaa, hadi ulimi uache kujikwaa.

Mchezo ninaoupenda kuliko kadi zote za dukani ni kinyume, ule wa kuichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: kiti ni "tiki", nyumba ni "mbanyu", Mombasa ni "samomba". Watoto huuchukua haraka kutuzidi sisi. Anayeweza kusema kinyume anaweza kulikata neno vipande kichwani, na hilo ndilo tunalolihitaji kabla hata ya kugusa penseli. Hauhitaji umeme wala fedha. Unachezeka kwenye foleni ya feri.

Mzazi asiyejua kusoma asijitoe. Kazi yake ni kusikiliza dakika kumi kila jioni na kuuliza, "Haya, imekuwaje?" Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma kwa kuelewa kunatokana na mambo mawili, kuyafungua maandishi na kuielewa lugha yenyewe, na kimoja kikikosekana chote kinaanguka. Kwa Kiswahili mtoto wa hapa lugha anayo, basi kilichobaki ni kufungua. Kwa Kiingereza huenda vyote viwili havipo, kwa hiyo namshauri mwalimu asianzishe kusoma kwa lugha zote mbili pamoja kwa mtoto aliyekwama. Kiswahili kwanza, kikishika tuvuke.

Wako wachache ambao baada ya haya yote, kwa miezi, bado "b" na "d" zinawachanganya na silabi ya jana leo ni ngeni. Hao wapimwe macho na masikio kwanza, kisha wapelekwe kituo cha EARC kinachowatathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Huduma hiyo ni ya serikali. Mwombe mwalimu mkuu barua ya kukutambulisha, na ubebe madaftari ya mtoto ya mwaka huu na ya mwaka jana. Mtathmini atataka kuona mwandiko wake ulivyobadilika.