Farasi Akichechemea Ghafla Mguu wa Nyuma: Yanayosemwa na Ukweli Wenyewe

"Kiungo kimeteguka."
Huenda kiungo hakina kosa lolote. Farasi aliyelala mzima akaamka hataki kukanyaga, mshukiwa wa kwanza ni jipu ndani ya ukwato, na jipu hilo huweza kuvimbisha mguu mpaka wengi wakaishia kukanda kifundo (kiungo cha katikati ya mguu wa nyuma) bure. Anzia chini. Safisha ukwato, tafuta jiwe au msumari, linganisha joto lake na la mguu wa pili, kisha gusa mshipa wa damu nyuma ya mguu, juu kidogo ya ukwato: ukidunda kwa nguvu kwenye mguu huo tu, yaelekea tatizo liko ukwatoni. Msumari ukikutwa umezama, usiukimbilie kuung'oa. Daktari wa mifugo akiupiga picha ya eksirei ukiwa palepale, ataona umefika wapi.

"Kidonda chenyewe kidogo, kitasubiri kesho."
Hili ndilo kosa baya kuliko yote. Tundu la mwiba karibu na kiungo linaweza kuwa limeingia ndani yake. Mwanzoni ute, yaani majimaji yanayolainisha kiungo, hutoka nje, shinikizo halipandi, na farasi hutembea vizuri tu; tundu likiziba, bakteria hubaki ndani na maumivu hulipuka. Usitegemee homa: farasi mzima hukaa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na kiungo chenye maambukizi kinaweza kumwacha humohumo. Ukiona majimaji ya njano yanayovutika kati ya vidole, huo ni ute wa kiungo. Suuza taratibu kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, gramu 9 za chumvi kwa lita moja, bila kusukuma maji ndani ya tundu. Usipake mafuta wala dawa ya unga. Funga kwa kitambaa safi, mwite daktari saa hiyohiyo. Kiungo kikisafishwa ndani ya saa 24, matumaini ni makubwa zaidi.

"Mpe fenilibutazoni, tuone."
Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Mtaona farasi anayetembea, basi, huku ugonjwa ukiendelea. Ukiichanganya na dawa nyingine ya jamii yake, unaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na madhara ya figo.

"Mguu umekwama umenyooka nyuma, basi umevunjika."
Inawezekana ni pia ya goti iliyonaswa: kano yake ya ndani hujitundika juu ya ukingo wa mfupa wa paja, na farasi huburuta ncha ya ukwato. Hutokea sana kwa farasi wachanga wasio na misuli. Mrudishe nyuma hatua moja au mbili, mara nyingi hufunguka. Akikataa kabisa, usimlazimishe. Hapa kumfungia bandani huzidisha tatizo, kwa kuwa misuli ya paja hulegea. Daktari akishaondoa shaka ya mvunjiko, mazoezi ya kupanda vilima kidogo kidogo ndiyo tiba.

"Anatikisa kichwa, ni mguu wa mbele."
Akikimbia polepole, farasi anayeumwa mguu wa nyuma wa kushoto huinamisha kichwa mguu huo unapotua, ukadhani ni wa mbele wa kushoto. Simama nyuma yake, utazame nyonga: inayopanda na kushuka zaidi ndiyo yenye tatizo.

"Kifundo kikikunjwa akachechemea, ni kifundo."
Kwa farasi, kifundo na goti la nyuma hukunjwa pamoja, haviachani. Kipimo hicho hakitofautishi. Daktari hutia ganzi kiungo kimoja kimoja mpaka uchechemeaji upotee.