Mashine ya espreso inayonguruma: tafuta inapogusa

Wiki iliyopita niliitwa Katubuka, hapa Kigoma mjini, kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye wanawe walimletea mashine ndogo ya espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo. Hata kabla sijamaliza shikamoo akanidaka: "Fundi, hiki kitu kikianza asubuhi mjukuu anaamka analia. Nimerudi kwenye sufuria." Akaiwasha nisikie. Vijiko kikombeni vikaanza kugongana, na juu ya meza ya vigae chembe za sukari zilizomwagika zikawa zinatembea taratibu kuelekea ukingoni.

Zile sukari ndizo zilizonipa mwanga. Kelele peke yake haitembezi sukari, meza ndiyo inayotembeza.

Pampu iliyomo kwenye mashine nyingi za nyumbani haina mota inayozunguka. Ina koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipata umeme), pistoni ya chuma na springi, basi. Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na dayodi ya pampu hupitisha nusu tu ya kila mzunguko. Kwa hiyo koili huvuta pistoni na kuiachia mara 50 kila sekunde, na springi ikirudi ndiyo inayosukuma maji. Kitu cha namna hiyo hakinyamazi, na fundi anayekuahidi kimya kabisa anataka hela yako. Lakini pampu yenyewe haizidi sana ngumi ya mtu mzima. Ukelele mkubwa unatoka kwenye bati la bodi, yaani ganda la nje la mashine, ambalo likitikiswa linageuka ngoma.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, mimi huanza na kiganja. Mashine ikiwa inafanya kazi, bonyeza trei ya chini, halafu bati la juu la kuwekea vikombe, halafu mfuniko wa tanki. Sauti ikishuka ghafla, umekipata kinacholia. Kwa mwalimu, bati la juu lilikuwa linacheza. Vipande vinne vidogo vya mpira chini yake vikamaliza habari hiyo. Mngurumo mzito ukabaki.

Nikachomoa plagi, nikaacha mashine ipoe, nikafungua. Pampu inatakiwa ishikwe na mipira miwili laini, mmoja kila upande. Mipira ilishakatika, na fundi aliyenitangulia akaifunga pampu kwenye fremu kwa tai za plastiki, akazivuta mpaka zikakakamaa. Sina la kumcheka; nilipoanza kazi hii nilifanya hivyo hivyo, nikadhani kilichokazwa hakitikisiki. Ni kinyume chake. Pampu inataka ining'inie kama mtoto mbelekoni. Ukiikaza kama mzigo wa kuni, kila pigo linaingia kwenye fremu, fremu inalipeleka kwenye bodi, bodi kwenye meza.

Mipira yenyewe mimi huagiza Dar. Wakati inasubiriwa nilikata tyubu ya baiskeli, nikaitengenezea pampu bembea, nikahakikisha haigusi chuma popote. Tyubu hiyo ikae mbali na boila, kile chombo kinachopasha maji. Karibu na moto weka mpira wa silikoni, unaostahimili nyuzi 200 na zaidi. Halafu fuatilia mabomba. Bomba gumu la kutoka kwenye pampu likilalia bodi, linapitisha mtetemo wote ule ule uliohangaika kuuzuia. Nililivika kipande cha silikoni nilichopasua katikati, likatulia.

Kitu kimoja nakataza: kuizungushia pampu sponji la godoro. Kelele itapungua, ndiyo, lakini koili inapata joto haraka. Pampu nyingi zimeandikwa ubavuni zifanye kazi dakika 2, zipumzike dakika 1. Ukizifunika, fyuzi ya joto inakata, na hapo ndipo utapata ule ukimya kamili.

Chini ya miguu, ndala kuukuu inatosha. Ikate vipande vya unene mmoja, kisha jaribu kuukaza mkono wa kahawa, ule wenye kichujio cha kuwekea unga wa kahawa: mashine ikiyumba, ndala ni nene mno. Isogeze pia isiguse ukuta.

Nilipoiwasha tena nilimwaga sukari kidogo makusudi. Ikakaa pale pale. Tukanywa kahawa ya Kalinzi, ya mwalimu bila sukari, na akaniambia mngurumo sasa anausikia kama gari lililosimama mtaa wa pili.

Jumapili akapiga simu. "Fundi, imeanza tena, tena zaidi ya mwanzo, sauti kavu kama inakereza."

"Shikamoo mwalimu. Kwenye tanki maji yapo?"

Akanyamaza. Nikasikia mfuniko unafunguliwa.

"Subiri kwanza," akasema, akakata.